Siku Tata Symphorien Alipotoka Kambini

Juma lililopita mama mmoja wa Ruashi alinisimamisha sokoni, mbele ya mafungu ya samaki.

"Ba pasta, ile hadisi yenu mu gazeti, kutabakia muntu muzima hata moya?"

Nikamwambia tutaona. Akanunua samaki wake akaenda, hakufurahi.

Kwa wale ambao gazeti liliwapita: jina langu ni Dominique Musonda, mtu wa Pweto. Niliacha kazi nzuri ya kampani ili nianzishe kanisa Katuba. Aliyenitia katika kazi hiyo ni mzee wa Kasai, Tata Symphorien, fundi wa kushona, ambaye alikuwa ameanzisha makanisa mengine mjini kabla yangu. Halafu ukaja mwaka wa 1961. Katanga ilikuwa imejitenga, ina bendera yake na askari wake, na watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa mitaani. Niliwaeleza jinsi nilivyofika kwa Tata asubuhi moja nikakuta mlango umelala chini, cherehani haipo, na jirani anafagia mbele ya nyumba kana kwamba ni yake. Tata na mkewe walikuwa wamekimbilia kambi ya ONU, ya askari wa Umoja wa Mataifa.

Wengine mmeniuliza kama nililia. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikala.

Sasa ni lazima mwelewe Tata Symphorien alikuwa nani kwangu, la sivyo haya ya leo mtayasoma bure.

Hakuwahi kuniambia fanya hivi. Kila siku ya kazi moya, yaani Jumatatu, kesho ya siku ya ibada, alikuja tukatembea Katuba nzima, yeye akiuliza tu. "Nani hakukuya jana? Juu ya nini? Utamuambia nini?" Nami nikimwuliza, "Tata, we ungefanya namna gani?" ananijibu, "Mi siko pasta wa Katuba." Kuna siku nilitamani kumwacha njiani.

Lakini kanisa lilisimama. Mtu anayeanzisha kanisa peke yake husikia sauti yake tu, na sauti yako haikukatalii kitu. Nimeona wengi waliopotea hivyo, na walikuwa wahubiri wazuri kuliko mimi.

Tena kwetu kulikuwa na desturi. Pasta mchanga habatizi peke yake. Aliyemtuma anaingia naye majini, mmoja anashika mkono wa kuume wa mwenye kubatizwa, mwingine wa kushoto, wanamzamisha pamoja. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Tata alikuwa akisema, na watu wanacheka. Kabla ya kuzamisha, yule mzee anauliza: kuna mtu uliyemkosea na hujamwambia? Anayesema hapana na watu wanajua ni ndiyo, anarudishwa ukingoni na nguo zake kavu mabegani.

Basi. Vita vya kwanza vya mjini vilipopoa, shemasi wangu Casimir alinijia. Mtu wa kabila la Wasanga, wa maneno machache.

"Ba pasta, kanisa inakufa. Bamoya beko ku kambi, bengine banaogopa kutoka mu nyumba. Tubatize. Bantu baone tuko bazima."

"Nani atashika upande wa pili?"

"Mi nitashika."

"We haukunituma."

"Basi enda umuulize ule alikutuma."

Nikamwambia mke wangu Adolphine ninakwenda kambini.

"Na ile Kibemba yako," akasema. "Batakuua."

"Labda."

"Utakula mbele ya kwenda?"

"Ndiyo."

Ndivyo tulivyozungumza siku zile. Hatukugombana. Kugombana kunataka nguvu.

Askari wa ONU walinipapasa mifuko wakaniacha nipite. Wa kuogopwa walikuwa ndani. Vijana wenye minyororo ya baiskeli walinizunguka, mmoja akaniuliza neno kwa Kiluba cha Kasai. Lugha hiyo siijui. Akauliza tena, akanishika shati kifuani.

"Mumuache," sauti ikasema nyuma yao. "Huyu njo mutoto yangu."

Alikuwa Mama Kapinga, mke wa Tata, ana ndoo ya maji kichwani.

"Mutoto yako, na hajue luga yako?"

"Eko muzito mu kichwa tangu zamani."

Wakacheka, wakaniachilia. Mama Kapinga hakucheka. Akatembea mbele yangu kati ya vibanda vya makartoni na matawi, hakugeuka mpaka tukafika.

Tata Symphorien alikuwa ameketi chini anashona gunia kwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekwisha anzisha kanisa pale ndani, maana huyo ndiye niliyemjua.

"Muko na ibada huku, Tata?"

"Hapana. Bantu banalia, nakaa nabo. Ile tu."

Alikuwa amechoka namna ambayo sikuwahi kumwona. Nikamweleza habari ya batizo. Nikamtajia majina, mmoja mmoja. Wote alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe kabla ya vita. Nikafika kwa Donat.

Mama Kapinga akatua ndoo.

"Donat gani?"

"Ndugu ya Adolphine. Ule jandarme, askari ya Katanga."

"Ule njo alivunja mulango yetu," akasema. "Alikuwa nabo wakati balimukamata Antoine."

Antoine ni mtoto wao wa mwisho, mwanaume mzima, fundi wa magari. Nilijua amepotea. Sikujua amepotezwa na nani. Nilisikia jina la shemeji yangu kama mtu anayeambiwa bei ya chumvi, nikajiuliza kwa nini hainiumi.

"Sikujua, Tata."

"Najua."

"Nimutoe mu batizo?"

Tata aligeuza gunia. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Anasema juu ya nini anataka batizo?"

"Anasema anataka kubatizwa mbele hajakufa."

"We unamuamini?"

"Sijui."

"Ni siku gani?"

"Siku ya Mungu. Haiko hii inakuya, ni ile ya nyuma yake. Asubuhi, ku muto."

"Nitakuya."

Mama Kapinga akasema polepole, kama anayemwelezea mtoto: "Utatoka kambi. Utapita mu Katuba. Utaenda kumushika mukono ule muntu."

"Ile njo kazi yangu," akasema Tata, na akanionyesha kwa sindano. "Huyu hajaanza kutembea."

Mama akanitazama. Alikuwa ananingoja niseme usikuye, Tata. Neno moja tu, na angebaki, kwa sababu batizo lilikuwa langu.

Nilikuwa nalo mdomoni. Nikanyamaza, nikaaga.

Niseme wazi. Niliogopa kuingia majini bila yeye kuliko nilivyoogopa yeye kufa. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa kusoma matangazo. Kwetu, juma moja kabla ya batizo, majina yanasomwa kwa sauti, ya wenye kubatizwa na ya washikaji wawili, ili mwenye neno aseme. Nimesoma hivyo kila mwaka. Nikasoma.

"Washikaji ni mimi, na Tata Symphorien."

Nikaendelea na habari ya kina mama watakaofagia. Nilikuwa nimefika kwa zamu ya maji ndipo nikasikia jinsi watu walivyonyamaza. Casimir alikuwa amefunika uso kwa mkono.

Baadaye akanivuta nyuma ya kanisa.

"Ba pasta, unasema nini mbele ya bantu?"

"Nimesoma vile tunasoma siku zote."

"Batoto ya chama, bale banafukuza bantu ya Kasai, balikuwa pa benchi ya nyuma. Sasa banajua siku na banajua fasi."

Ndiyo, nilimtangaza. Hakuna mpelelezi aliyemfuata Tata, hakuna jirani aliyemuuza. Pasta wake alisimama mbele ya watu na Biblia mkononi, akawaambia wanaomwinda mahali pa kumkuta. Desturi ilinitoka mdomoni yenyewe, kama mtu anavyosema amina.

Hata jua halijashuka, Donat akafika kwangu. Alikuwa amevaa nguo zake za uaskari. Bunduki aliiegemeza nje ya mlango, maana yaya yake, dada yake mkubwa, hairuhusu ndani.

"Shemeki, we uko mujinga?"

"Heshima," akasema Adolphine.

"Heshima iko, yaya. Na eko mujinga." Akakaa. "Baliniuliza muzee anakuya saa gani. Banajua ni mi nabatizwa ile siku."

"Ukasema nini?"

"Nikasema asubuhi. Unafikiri ningesema nini? Batizo gani inafanyika mangaribi?"

Nikamwuliza alipo Antoine.

Adolphine akaacha kukuna muhogo. Donat alitazama mikono yake.

"Usiniulize ile mu nyumba ya yaya yangu."

"Kumbe ni kweli," akasema Adolphine.

Donat akageukia mlango. Nikamwuliza kama bado atakuja mtoni.

"Nitakuya."

"Juu ya nini, Donat?"

"Ule muzee alinikalisha chini akanifundisha, mi na masomo yangu kidogo. Nani mwingine aliwahi kunifundisha kintu? Ku jeshi bananifundisha kupiga." Akasimama. "Mumuambie asikuye. Mi nitakuya, yeye asikuye."

Akachukua bunduki yake akaenda. Adolphine akarudia muhogo. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Ni mutoto ya mama yangu. Nilimubeba ku mugongo."

Juma zima nilitafuta njia ya kupeleka neno kambini. Barabara ilikuwa imefungwa, watu walikuwa wamepigana tena upande ule. Siku ya posho, Jumamosi, nikaenda mwenyewe. Langoni waliwekwa askari wapya ambao hawakujua Kiswahili, wala Kifaransa, wala lugha nyingine yoyote iliyo kinywani mwangu. Nikaita jina la Mama Kapinga kutoka nje ya waya. Nikaliita mpaka askari mmoja akanisukuma kwa kitako cha bunduki, bila hasira, kama mtu anayefukuza mbuzi.

Casimir akasema tuvunje batizo.

"Tukivunja, Tata atakuya vilevile," nikamwambia. "Atakuta ku muto beko bale bantu tu."

Akafikiri. "Basi twende sote."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilikuwa nimemvua nguo mtu mwingine.

Asubuhi ile mto ulikuwa umejaa kidogo, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kina mama walikuja na nguo nyeupe. Wenye kubatizwa walisimama kwa mstari, Donat wa mwisho, bila kofia na bila mkanda. Kamyo moja ilisimama mbali, chini ya miti, na wanaume wakashuka. Hawakuvaa nguo za askari. Walikuja mpaka ukingoni, wakasalimia watu vizuri, wakasimama wamefunga mikono.

Casimir akaanzisha wimbo. Nikaingia majini mpaka kiunoni nikamwomba Mungu Tata awe amelala, awe mgonjwa, awe amemsikiliza mke wake.

Akaja. Alishuka njia ya majani peke yake, amevaa kanzu aliyojishonea kwa magunia ya unga ya ONU. Mgongoni maandishi yalionekana bado. Watu walimwachia nafasi. Akapita mbele ya wale wanaume, akawasalimia kama watu wengine, nao wakamwitikia. Kisha akaingia majini, akasimama upande wake.

"Nani hakukuya?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwita wa kwanza wa mstari.

Tukaanza. Wale wanaume hawakusogea. Hata wao mama zao ni watu wa kanisa, na Katuba hakuna mtu anayekata batizo katikati. Walikuwa wanangoja imalizike. Mimi nilielewa hivyo, na nadhani Tata alielewa kabla yangu, maana aliuliza kila mmoja swali lake bila haraka, akamsikiliza mpaka mwisho.

Tukafika kwa Donat.

Nikamshika mkono wa kuume. Tata akamshika wa kushoto.

"Donat, kuko muntu ulimukosea na haujamuambia?"

"Kuko."

"Nani?"

"Weye, ba tata."

"Nakusikia."

"Ni mi nilivunja mulango. Ni mi nilimupandisha Antoine mu kamyo."

Wimbo ulikuwa mkubwa, ukingoni hawakuweza kusikia.

"Eko muzima?"

"Balimupeleka Pweto, ku kambi ya bajandarme. Anatengeneza makamyo yabo. Alikuwa muzima juma ilipita. Nilimuuliza dereva."

Tata aliukaza mkono wa Donat kwa nguvu zake zote. Niliupata mkazo huo kupitia mwili wa Donat, ukafika mkononi mwangu, ukapanda mpaka shingoni. Tangu asubuhi ile ya mlango, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kunifikia. Kiliniuma vibaya sana, nikataka kukaa chini mle mle majini.

"Ba pasta," mmoja wa wale wanaume akaita kwa adabu. "Mumalize. Tuko na neno na ule muzee."

Casimir alimaliza wimbo. Hakuna aliyemwomba, akaurudia kutoka fungu la kwanza.

Donat akaniinamia sikioni.

"Shemeki, usinizamishe. Mi niko wa mwisho. Nikitoka mu mayi, banamukamata."

"Ulitaka batizo."

"Nilitaka. Sasa sitaki."

"Unataka," akasema Tata. "Umesema mbele ya yule ulimukosea. Nani anakupatia ruhusa ya kurudi?"

"Ba tata, batakuua."

Nikamtazama mzee wangu, nikangoja swali lake. Siku zote ananiuliza. Ningejibu kitu, naye angeuliza juu ya nini, nami ningeona njia.

Hakuuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dominique," akasema. "Mubatize."

Miaka yote nilimwomba aniambie la kufanya. Sasa amesema, wazi, kwa jina langu, na mkono wake uko tayari mgongoni mwa Donat. Kule ukingoni yule mwanaume aliyeniita alikuwa ameketi kwenye majani, anafungua kamba za viatu vyake.

Nikamwachilia Donat.

"Hapana, Tata," nikasema. "Mi sitaki kumaliza."

Tata Symphorien akanigeukia, na kabla hajafungua kinywa, nikasikia mguu wa kwanza wa wale wanaume unaingia majini nyuma yangu.